Macho ya Kongwa: yanayosemwa kuhusu vikope na yaliyoonyeshwa na utafiti

Bibi wengi wa Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wana kibano kidogo wanachokitunza kama ufunguo wa nyumba. Wengine wamekifunga kwenye pindo la kanga. Ni cha kung'olea kope. Mjukuu huitwa asubuhi palipo na mwanga mzuri, bibi anainua uso, na zile kope zilizogeukia ndani zinavutwa moja moja. Baada ya wiki chache zinaota tena, ngumu kuliko mwanzo, na kazi inarudiwa. Ukiuliza ni ugonjwa gani, jibu ni lile lile: "Uzee huo."

Si uzee. Ni trakoma, ugonjwa ambao wengi tunauita vikope, na ulimwanzia bibi huyo akiwa na umri wa huyo mjukuu anayeshika kibano. Unasababishwa na bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis. Mtoto akiambukizwa, ukigeuza kigubiko cha juu cha jicho lake unaona vipele vidogo vyeupe kwenye utando wa ndani, na mara nyingi mtoto mwenyewe halalamiki chochote. Maambukizi yanapona, yanarudi, yanapona, yanarudi. Kila mara yanaacha kovu dogo. Makovu yakijaa, kigubiko hukunjamana kuelekea ndani na kope huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo hicho kikishapata ukungu, kuona hakurudi.

Haya si mambo ya kusimuliwa kutoka mbali. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua leo kuhusu trakoma ilijulikana hapa hapa mkoani Dodoma, wilayani Kongwa. Wengi wanaijua Kongwa kwa Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioshindwa, au kwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wachache wanajua kwamba tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwemo Sheila West, wamekuwa wakifanya kazi wilayani humo pamoja na Watanzania wa Mradi wa Trakoma Kongwa, akiwemo Harran Mkocha. Majibu waliyoyapata yanatumika nchi nyingi. Inaniuma kuona hapa nyumbani bado tunaambiana yale ambayo watoto wa Kongwa walishasaidia kuyakanusha.

"Ni vumbi na upepo wa Dodoma"

Vumbi letu linawasha macho, hilo halina ubishi, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapokuja. Lakini vumbi halizai bakteria. Trakoma inasafiri kwa tongotongo na kamasi: kidole cha mtoto mmoja kwenye jicho la mwenzake, kitenge kimoja kinachofuta nyuso za watoto watatu, shuka la kulalia la pamoja, na nzi. Ndiyo maana inakaa kwenye familia, na ndiyo maana watu hudhani inarithiwa. Mama, binti na mjukuu wakiwa na macho yale yale, rahisi kusema ni damu ya ukoo. Kinachorithishwa hapo ni kitenge na kitanda.

Na ndiyo maana wanawake wanaumia zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume. Anayembeba mtoto, anayemfuta, anayelala naye, ndiye anayeambukizwa tena ukubwani.

"Nzi wanatoka chooni" na "tuue nzi, ugonjwa utaisha"

Hizi ni dhana mbili zinazotembea pamoja. Nzi anayependa macho ya watoto anaitwa kitaalamu Musca sorbens, naye hazaliani kwenye choo cha shimo. Hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo choo cha shimo, hata kile cha miti na udongo, kinamnyima mazalia. Anayekwepa kuchimba choo akiogopa kuongeza nzi wa macho anafanya kinyume kabisa.

Lakini je, ukimuua nzi huyo kwa dawa ya kupulizia? Watafiti walilijaribu hilo Kongwa kwa uangalifu. Walichukua maeneo ya mabalozi wa nyumba kumi, wakayagawa kwa bahati nasibu. Kote watu walipewa dawa ya kumeza, ila nusu ya maeneo yakapuliziwa pia dawa ya kuua nzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet: nzi walipungua sana, lakini trakoma kwa watoto haikupungua zaidi ya pale ambapo hawakupulizia. Nzi anachangia, ila mtoto mwenye uso mchafu anaweza kumwambukiza mdogo wake bila nzi hata mmoja kuwepo. Naheshimu sana utafiti wa namna hii, unaokuja na jibu ambalo hata watafiti wenyewe pengine hawakulitarajia, na bado ukachapishwa ulivyo.

"Hatuna maji ya kunawisha watoto"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mioyo ya akina mama inapoumia.

Kongwa ni kukavu. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mbaya hata hizo hukatika katikati. Mwanamke anayebeba ndoo kutoka kwenye kisima cha mbali ana haki ya kuuliza kwa nini maji hayo yamwagwe kwenye uso wa mtoto ambaye baada ya robo saa atakuwa mchafu tena. Watafiti walipochunguza matumizi ya maji vijijini huko walikuta kwamba shida haikuwa umbali wa kisima peke yake. Watu walidhani kunawisha uso kunahitaji maji mengi kuliko yanayohitajika kweli. Na uamuzi wa nani atumie maji kwa kazi gani haukuwa wa mama peke yake: baba naye ana neno, na jamii ina macho yake.

Jaribu mwenyewe. Chukua kikombe kimoja cha maji, mwagia kidogo kiganjani, futa jicho la kwanza kutoka puani kwenda nje, kisha la pili, kisha pua. Utashangaa kikombe kimeishia watoto wangapi. Sabuni ikiwepo ni heri, isipokuwepo maji yanatosha kuondoa tongotongo. Cha muhimu ni kila mtoto afutwe kwa mkono safi, siyo kwa kitenge kilichomfuta mwenzake.

Kunawa kunasaidia kweli? Mwaka 1995 matokeo ya jaribio la Kongwa yalichapishwa, nayo ndiyo msingi wa kunawa uso kuwa moja ya nguzo nne za dunia dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, dawa, na usafi wa mazingira. Vijiji sita viligawanywa kwa jozi. Vyote vilipewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, kisha vitatu kati yake vikahamasishwa kwa nguvu kuhusu kunawa uso, kwa mikutano ya hadhara na kwa majirani kukubaliana wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa vijiji vilivyohamasishwa walikuwa na nyuso safi zaidi, na trakoma kali ilikuwa nadra zaidi kwao kuliko kwa wenzao.

Ila tusiongeze chumvi. Tofauti ile ilionekana zaidi kwenye trakoma kali, na kote watu walikuwa wametumia dawa kwanza. Jaribio jingine la karibuni, lililofanyika Amhara nchini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2022, liliwapa watu maji, vyoo na elimu ya usafi bila kugawa dawa katika kipindi cha jaribio, na maambukizi ya macho hayakupungua kama ilivyotumainiwa. Kwa hiyo anayesema "sisi ni wasafi, dawa hatuhitaji" amekosea, sawa na anayesema "tumemeza dawa, kunawa kwa nini?"

"Dawa za bure zina jambo nyuma yake"

Siku za kumezesha dawa, maneno huwa mengi kuliko vidonge. Kwamba zinafunga kizazi. Kwamba ni za majaribio. Kwamba mtoto asiyeumwa asimeze.

Dawa yenyewe ni azithromisini. Ni antibayotiki ile ile inayoandikwa hospitalini kwa magonjwa ya kifua na mengineyo, na ile ya trakoma inatolewa bure na kampuni ya Pfizer kwa nchi zenye ugonjwa. Haina uhusiano na kizazi. Mgawa dawa anakusimamisha kwenye kijiti chenye alama, kwa sababu urefu unamwambia kipimo cha dozi bila kuhitaji mizani. Watoto wadogo hupewa ya maji, na wachanga chini ya miezi sita hupakwa mafuta ya tetrasaiklini. Tumbo linaweza kusokota au kuharisha kidogo, kisha kunatulia. Jambo moja nawasihi wazazi: mtoto anayelia na kupiga mateke asibanwe pua wala kulazwa chali amezeshwe kwa nguvu. Anaweza kupaliwa. Asubiri atulie.

Asiyeumwa anameza kwa sababu nilizozitaja juu: vipele viko ndani ya kigubiko na mtoto anacheza kama kawaida. Ukitibu wenye dalili tu, walionyamaza watawaambukiza tena kabla mwezi haujaisha.

Kuna jaribio kubwa lililotoa azithromisini mara mbili kwa mwaka kwa watoto chini ya miaka mitano Niger, Malawi na hapa kwetu wilayani Kilosa. Matokeo yake, mwaka 2018, yalionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla. Nafuu kubwa ilikuwa Niger. Kilosa tofauti ilikuwa ndogo, haitoshi kujengea hoja. Hata hivyo ni vigumu kusema dawa hiyo ililetwa kuua watoto.

Upande wa pili nao usemwe. Watafiti walifuatilia watoto wa Kongwa baada ya ugawaji wa dawa. Kwa muda mfupi kuharisha kulipungua, lakini bakteria sugu kwa azithromisini waliongezeka puani na tumboni. Ndiyo maana dawa haigawiwi milele. WHO imeweka mstari: trakoma ikishuka chini ya asilimia 5 ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 katika wilaya, ugawaji wa jumla unasimama. Na asiende mtu duka la dawa kununua ya kuhifadhi kabatini.

"Wanakuja kunyonya damu"

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na umati. Walikuwa wamekuja kwa kazi ya udongo. Uvumi ulisema ni mumiani.

Siwezi kuandika kuhusu utafiti katika mkoa huu nikalipita hilo kimya. Watu wale walikuwa na familia, na kazi yao ilikuwa ya mkulima yule yule aliyeogopa.

Katika utafiti wa trakoma damu huchukuliwa, ni kweli, na ni haki ya mzazi kuelezwa ni ya nini. Ni tone kutoka ncha ya kidole, linaloachwa likauke kwenye karatasi. Mwili uliowahi kukutana na bakteria wa trakoma huacha alama kwenye damu, yaani kingamwili. Sampuli za watoto wa Kongwa zilisaidia kuonyesha, mwaka 2012, kwamba alama hizo zinaweza kusomwa. Faida yake ni hii: dawa zikishasimamishwa, watoto wadogo waliozaliwa baadaye wakipimwa na damu yao ikawa haina alama, tunajua ugonjwa haujarudi kimyakimya. Tone haliuzwi. Mzazi anaweza kukataa na mtoto akatibiwa kama wengine.

Lakini lawama siyo ya wanakijiji peke yao. Mtafiti anayefika na gari, akachukua sampuli na asirudi kusema alichokiona, anaacha pengo, na uvumi hauachi pengo wazi. Matokeo yaletwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili au Kigogo, kabla hayajazeeka kwenye majarida.

Mengine kwa kifupi

"Klamidia ni zinaa, mtoto wangu ameipata wapi?" Bakteria ni wa jamii moja, aina tofauti. Zile za trakoma hukaa machoni na hupita kwa tongotongo. Hakuna wa kutuhumiwa.

"Tia majani, au maziwa ya mama." Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu watoto wenye vidonda vya macho Tanzania ulitaja dawa za kienyeji za machoni miongoni mwa visababishi, pamoja na surua na upungufu wa vitamini A.

"Upasuaji utamtoa bibi jicho." Jicho haliguswi. Kinachopasuliwa ni kigubiko: kinachomwa sindano ya ganzi, kinageuzwa kope zitazame nje, kinashonwa, na bibi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hautarudisha kuona kulikokwisha kupotea. Unazuia kukwaruzwa zaidi. Kwa baadhi ya watu kope hurudi ndani baada ya muda, na hapo arudi hospitali, asirudie kibano.

Malawi, jirani zetu, ilithibitishwa na WHO mwaka 2022 kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Kipimo chenyewe kina sehemu mbili: macho ya watoto, na watu wazima wenye kope zilizogeuka ambao huduma za afya hazijawafikia. Timu ya uchunguzi ikipita kwenye balozi yenu, hata mkazi mmoja asifichwe chumbani kwa sababu "huyu mzee tu". Mtoeni bibi naye nje, palipo na mwanga, ageuzwe kigubiko aangaliwe.