Raki ya Seva: Kupendeza Machoni Si Kupangika

Kuna raki, yaani fremu za kupangia seva na vifaa vya mtandao, zinazofaa kupigwa picha: kebo zimelala kama nywele zilizosukwa, rangi moja juu hadi chini. Kisha swichi moja ya mtandao inakufa usiku, na fundi anakuta kebo za majirani zimepita mbele yake. Hawezi kuitoa bila kuzima vifaa vizima. Mimi hupima raki kwa swali moja tu: je, kifaa chochote kinatoka bila kugusa kebo ya mwenzake? Ndiyo maana kebo hupelekwa pembeni na kushushwa kwenye njia za wima.

Dhana potofu ya kwanza: kaza vifungo ili kebo zisicheze. Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, kwa sababu madhara yake hujificha. Ndani ya kebo ya shaba mna jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na msokoto huo ndio unaopunguza mwingiliano wa ishara. Kifungo cha plastiki kikikazwa hadi ganda libonyee, jozi hupoteza umbo lake na makosa ya data huanza. Taa ya poti, yaani tundu la kuchomekea kebo, inaendelea kuwaka, kwa hiyo watu hutafuta tatizo kwenye programu siku nzima. Tumia velikro, mkanda wa kunata unaofunguka, na uilegeze kiasi kwamba kebo moja inaweza kuvutwa ikatoka. Kwenye kona, nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara 4 ya unene wa kebo ya shaba, au mara 10 kwa faiba, kebo inayopitisha mwanga. Unapoiunganisha kebo ya shaba kwenye pachi paneli, yaani bamba la poti ambako kebo huishia, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Dhana: kebo ndefu ni akiba. Ziada ya mita mbili hugeuka bonge nyuma ya seva, mahali hasa hewa ya moto inapotokea. Acha ulegevu wa kutosha seva ivutwe kwenye reli zake, basi.

Dhana: nafasi tupu husaidia raki kupumua. Ni kinyume chake. Seva huvuta hewa baridi mbele na kutema ya moto nyuma. Palipo na pengo, hewa ya moto hurudi mbele na seva huivuta tena. Ziba kila U iliyo wazi (U ni kipimo cha nafasi moja ya raki, milimita 44.45 za kimo) kwa bamba la kufunikia. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji, hupendekeza nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi kwa hewa inayoingia kwenye seva. Pima mbele ya seva za juu. Kipimo cha katikati ya chumba kitakudanganya.

Dhana: seva yenye pawa saplai mbili, yaani vifaa viwili vya kuilisha umeme, haizimiki. Zikichomekwa kwenye safu moja ya soketi, ya pili haina maana. Hata safu zikiwa mbili, kila moja ikibeba asilimia 60 ya uwezo wake, siku moja ikikatika nyingine itatakiwa kubeba 120, nayo itajikata. Weka kila upande chini ya asilimia 50. Mafundi wengi waangalifu huishia 40.

Dhana: lebo tutabandika mwishoni. Kebo 48 zikishafungwa pamoja, hakuna anayejua ipi ni ipi. Bandika ncha zote mbili kabla ya kupitisha kebo: raki, U, poti.