Je, wajua kwa nini nondo wa shamba la viazi alipewa jina la mauti?

Usiku mmoja kule Umalila, Mbeya, tukiwa tunaota moto jikoni, mdudu mkubwa kama kiganja aliingia akifuata taa. Binamu yangu akavua ndala. "Muacheni, huyo ni wa watu," shangazi akasema. Nilipomfunika kwa bakuli akalia. Alilia kweli, chiii, chiii, kama panya aliyebanwa na mlango. Binamu akavaa ndala yake akatoka nje.

Nondo huyo (nasema mdudu, si ile ya kumwagia zege) ana mbawa za mbele za kahawia iliyokolea, zenye mawimbi ya kijivu kama gome la mti. Za nyuma ni njano, na mistari miwili myeusi. Mgongoni, nyuma tu ya kichwa, ana baka la njano hafifu lenye madoa mawili meusi. Baka hilo ndilo linaloonekana kama fuvu la mtu. Ni manyoya na magamba laini kama vumbi, na jicho la mtu ni jepesi kuona sura hata pasipo na sura.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimwita Sphinx atropos. Katika visa vya Wagiriki, Atropos ni mmoja wa dada watatu wa majaaliwa, yule anayekata uzi wa uhai. Baadaye nondo huyu alihamishiwa kundi (jenasi) la Acherontia, jina linalotokana na mto wa kuzimu. Ndugu zake wawili wa Asia nao hawakusalimika: mmoja ni styx, mto mwingine wa kuzimu, na mwingine lachesis, dada anayepima uzi. Basi shangazi yangu ana wenzake. Wasomi waliingiwa na hofu ileile, ila wao waliiandika kwa maneno ya kizamani.

Ajabu ni kwamba fuvu lenyewe halisaidii kumtofautisha, maana wote watatu wanalo. Kumtenga na styx unamgeuza uangalie chini ya ubawa wa mbele: atropos ana mstari mmoja katikati, styx ana miwili. Na kinachomweka katika Sphingidae, familia yake ya nondo, ni mwili mnene uliochongoka kama risasi, mbawa ndefu nyembamba, na kiwavi mwenye pembe mkiani.

Kiwavi huyo wakulima wa viazi mviringo huweza kukutana naye. Hufikia sentimita 12 hivi, wa njano au kijani, na mistari ya zambarau iliyolala mshazari ubavuni. Akishiba majani hujichimbia ardhini. Ndiyo maana wakati wa kuvuna, jembe linaweza kufukua kitu cha kahawia kinachong'aa, kikubwa kama kidole gumba, kinachotikisa ncha ukikishika. Ni yeye, yuko njiani kuota mbawa.

Akishaota, anageuka mwizi wa asali. Wengi wa familia yake wana mrija mrefu wa kufyonza maua. Mmoja wao, Xanthopan, wa kwake unapita sentimita 20. Huyu wetu ana mrija mfupi, mnene, wenye ncha ya kutoboa nta ya sega. Usiku huingia mzingani huku ngozi yake ikiwa na mafuta yanayofanana na ya nyuki, hivyo walinzi wakimnusa wanamwona kama mwenzao. Kwa wizi wa kienyeji, huo ni ufundi wa hali ya juu.

Na ile sauti? Huvuta hewa kwa mdomo hadi kooni, kijiulimi kinatetemeka, kisha huisukuma hewa itoke tena. Kodiani hulia hivyohivyo.

Nilipofunua bakuli hakuruka mara moja. Alitetemesha mbawa kwanza, maana misuli ya nondo hawa haiwezi kuwarusha mpaka ipate moto, na usiku wa Umalila una baridi yake. Kisha akapita dirishani, upande wa mizinga ya jirani.