Dhana potofu kuhusu traketi: tazama mkia kabla ya rangi

Nyasi zikishachomwa kuzunguka Lubumbashi, huku Katanga kusini mwa Kongo, upande wa Kipushi na kwenye madembo (mabonde ya nyasi) ya njia ya Likasi, kuna ndege mdogo anayejitokeza juu ya majivu. Hukimbia hatua chache, husimama wima, hutikisa mkia, kisha huruka chini kwa chini akionyesha weupe kiunoni. Huyo ni traketi, ndege wa jenasi Oenanthe, yaani kundi la aina za ndege walio jamaa. Aina zake zinafanana sana, na mambo mengi yanayosemwa juu yake hapa kwetu si kweli.

“Traketi ni mgeni kutoka Ulaya.”

Yuko mmoja ambaye ni mgeni kweli. Traketi wa kaskazini (Oenanthe oenanthe) huzalia Ulaya, Asia, Greenland hadi Alaska, kisha huja kukaa Afrika wakati wa baridi ya kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia ndege wa Alaska kwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, ukaonyesha kwamba walisafiri yapata kilomita 14,500 kwenda tu, hadi Afrika ya Mashariki. Ndege mwenyewe ana gramu 25 hivi. Inastahili kumheshimu kiumbe wa namna hiyo kwa kutomwandika mahali ambapo hayupo.

Maana yule anayekimbia kwenye majivu yetu mwezi wa Juni au Julai si yeye. Miezi hiyo yuko kwao, analea makinda. Wetu ni Oenanthe pileata, Mwafrika asiyevuka Sahara: utosi wa giza, mstari mweupe juu ya jicho, koo jeupe, na mkanda mpana mweusi kifuani. Hupenda ardhi tupu, hutaga ndani ya mashimo ya panya, na kiangazi ndicho kipindi chake hapa. Mtu akikuambia ameona traketi wa kaskazini Lubumbashi katikati ya Julai, tarehe peke yake inatosha kukufanya urudi kutazama tena.

“Hana mkanda kifuani, basi ni wa kaskazini.”

Hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi, kwa sababu hufanywa na watu makini. Makinda ya pileata hayana mkanda mweusi. Ni ya kahawia, yana madoadoa hafifu, na kifuani pana kivuli tu kama uchafu. Yanaanza kuonekana mwishoni mwa kiangazi, Septemba hadi Novemba, wakati uleule ambapo wageni wa kaskazini wanaingia Afrika. Kwa hiyo Oktoba tarehe haikusaidii tena. Lazima utazame mkia, na mkia huonekana vizuri kwa sekunde moja au mbili tu, ndege anaporuka au anapotua na kuufungua.

Kwa traketi wa kaskazini, mkia ni mweupe wenye alama nyeusi ya herufi T iliyopinduliwa: mkanda mwembamba mwishoni, na mguu mrefu wa T ukipanda katikati kuelekea kiunoni. Akiruka, weupe ndio unaokujia machoni. Kwa pileata, mkubwa kwa mdogo, ni kinyume: mkia karibu wote ni mweusi, na weupe umebaki kiunoni na kwenye mashina ya manyoya ya pembeni. Usimfukuze ili aruke. Kaa chini kando ya kichuguu, elekeza darubini kwake na ungoje. Ataruka mwenyewe akimwona mdudu, na utakuwa tayari.

Wa tatu ni isabela (Oenanthe isabellina), anayekuja kutoka nyika za Asia. Mkia wake unaonekana mfupi, weusi unafunika karibu nusu yake, na mguu wa T ni mfupi. Ndege huyu hukaa zaidi upande wa Sudan, Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Anayetaka kumwandika Katanga anahitaji ushahidi mzito sana.

“Aliyepauka kama mchanga ni isabela.”

Rangi ya jumla haikati shauri. Traketi wa kaskazini mwenye manyoya mapya naye amepauka, na vumbi jekundu la barabara zetu, pamoja na jua la saa sita mchana, hubadilisha kila kitu. Tazama bawa lililokunjwa. Isabela ana bawa la rangi moja na mgongo, na juu yake manyoya mafupi ya kidole cha bawa hujitokeza kama doa dogo jeusi. Kwa wa kaskazini, bawa zima limekolea, kwa hiyo doa hilo hupotea. Akinyoosha bawa, upande wa chini wa isabela ni mweupe; wa mwenzake ni wa kijivu.

Mstari wa jicho nao unasema kitu. Wa isabela ni mpana na mweupe zaidi mbele ya jicho, wa mwenzake huwa mweupe zaidi nyuma yake. Kusimama wima kunatajwa sana, ila mimi sikuwekei uzito: pileata naye husimama hivyo, na ndege yeyote aliyeshtuka hujinyoosha.

“Mweusi na mweupe juu ya kichuguu ni traketi wa rangi mbili.”

Traketi wa rangi mbili (Oenanthe pleschanka) hukaa msimu wake Ethiopia, Kenya na jirani zake. Kwenye miombo ya kwetu, unayemwona huenda ni Myrmecocichla arnotti, ndege wa jenasi nyingine: dume lina utosi mweupe na kiraka cheupe begani, jike lina koo jeupe. Jibu liko kiunoni: arnotti ni mweusi pale ambapo traketi ni mweupe. Na yule wa kahawia mwenye mkia mwekundu, anayetikisa mabawa kila akitua, ni Oenanthe familiaris, ambaye ni wa jenasi hiyohiyo ingawa hana weupe kiunoni.

“Kuandika Oenanthe bila jina la pili ni kukosa ujuzi.”

Hata hao wa rangi mbili, majike yao hufanana na ya traketi mwingine, Oenanthe melanoleuca, kiasi kwamba wataalamu huwaacha bila jina. Tena aina hizo mbili huzaliana pale zinapokutana, Bulgaria kwa mfano na kaskazini mwa Iran, na watoto wao wana alama za pande zote. Picha ya simu ya ndege aliyefunga mkia, iliyopigwa akiwa mbali juu ya majivu, haina habari ya kutosha, na programu itakayokupa jina kwa picha hiyo imekisia. Andika tarehe, mahali, ulichoona mkiani na ambacho hukukiona. Mwenye kuisoma orodha yako mwakani anaweza kufanya kazi na hayo.