Vifo vya Watoto Wachanga Uganda: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 1995 ulikuta kwamba katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai Uganda, 81 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta 36. Hayo ni mafanikio makubwa, na ni watoto wengi mno ambao leo wanacheza, wanasoma, na wengine wameshakuwa wazazi. Lakini maneno yanayozunguka namba hizi, kuanzia foleni za kliniki hapa Busia, upande wa Uganda, hadi mijadala ya redioni, mengi hayalingani na ukweli, na baadhi yake yanaua.

"Zamani watoto hawakuwa wakifa hivi"

Hili husemwa kwa uchungu wa kweli, hasa mtoto wa jirani anapofariki. Watu hukumbuka maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, mihogo isiyo na dawa, na bibi aliyezaa watoto kumi. Sasa mwulize bibi huyo mwenyewe, taratibu na kwa heshima: "Bibi, ulijaliwa watoto wangapi?" Mara nyingi atakupa hesabu mbili, ya waliozaliwa na ya waliobaki. Karibu kila ukoo una jina ambalo mtoto hupewa akizaliwa baada ya wenzake kufa. Majina hayo yasingekuwepo kama misiba ile ingekuwa ya nadra.

Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yanazidi vifo 120 kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa. Surua ilikuwa ikipita kijijini na kuondoka na wadogo kadhaa kwa mkupuo. Pepopunda iliwachukua wachanga waliokatwa kitovu kwa wembe mchafu au kupakwa kinyesi cha ng'ombe. Mtoto alikakamaa, akashindwa kunyonya, na watu wakasema amerogwa. Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na wachanga kama tatizo la afya ya jamii, kwa sababu ya chanjo wanayochomwa wajawazito na usafi wa kujifungua. Ni chanjo hiyohiyo ambayo bado inasingiziwa kuwafanya wanawake wawe tasa.

"Tangu uhuru namba zimekuwa zikishuka tu"

Hapana. Zimeshuka, zikapanda, zikashuka tena, zikakwama, halafu zikaporomoka. Anayetaka kuelewa mambo ya afya Uganda aufuate mstari huu, kwa sababu umebeba historia yote ya nchi.

Katika miaka ya 1960 ulishuka. Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1962, na katika muongo huo serikali ikajenga hospitali 22 za wilaya. Januari 1971 Idi Amin akachukua nchi. Mwaka uliofuata Waasia wakafukuzwa, wakiwemo madaktari na wenye maduka ya dawa. Ikaja vita na Tanzania ya 1978 na 1979, kisha ile ya msituni ya Luweero iliyoendelea hadi Januari 1986. Katika kipindi hicho jirani zetu Kenya na Tanzania ziliendelea kupunguza vifo vya watoto, lakini sisi tulirudi nyuma: makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yako juu kuliko ya mwaka ambao Amin aliingia madarakani. Majengo ya hospitali hayakwenda popote, yaliyoondoka ni dawa, mishahara, mafuta ya magari na jokofu za kutunzia chanjo.

Utafiti wa kwanza wa kitaifa, wa 1988 na 1989, ulikuta takriban vifo 100. Mwaka 1995 ukawa 81. Kisha utafiti wa 2000 na 2001 ukakuta 88. Je, vifo vilipanda? Huenda kidogo, huenda havikupanda. Tafiti hizi huuliza kaya chache zilizochaguliwa kuwakilisha nchi, kwa hiyo tofauti ya namba saba inaweza kutokana na uchaguzi wa kaya tu. Jambo lisilo na shaka ni kwamba miaka ile, sehemu kubwa ya nchi ikiwa na amani na uchumi ukiwa unakua, vifo vya watoto havikushuka. Sababu kubwa tunaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito Kampala, karibu wanawake 30 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Bila dawa, mama mwenye virusi humwambukiza mtoto kwa kiwango cha kati ya asilimia 15 na 45, na karibu nusu ya watoto walioambukizwa hawafikishi miaka miwili.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi: 76 mwaka 2006, 54 mwaka 2011, 43 mwaka 2016, 36 mwaka 2022. Kila mtu anajitwalia sifa hapa, na wanasiasa wako mbele. Ukweli ni kwamba mambo mengi yalikutana. Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Chanjo ya mchanganyiko inayozuia homa ya uti wa mgongo na nimonia zinazoletwa na bakteria wa Hib iliingia mwaka 2002, ya nimokoka, bakteria wengine wa nimonia, ikafuata 2013, ya rotavirusi, virusi vya kuharisha, 2018. Kampeni ya surua ya mwaka 2003 iliwafikia watoto zaidi ya milioni 13. Kaya zenye chandarua chenye dawa zilitoka asilimia 16 mwaka 2006 hadi 78 mwaka 2016. Na akina mama wenye virusi wakapata dawa, ambazo zikitumiwa vizuri hupunguza maambukizi kwa mtoto hadi chini ya asilimia 5.

"Takwimu hizi wanajitungia tu Kampala"

Nawaelewa wanaosema hivi, maana wengi wetu hatujawahi kumwona mtu akipita kuhesabu makaburi. Kazi yenyewe hufanyika kwenye jamvi, mbele ya mlango. Mtafiti wa UBOS, shirika la takwimu la taifa, huketi na mwanamke mwenye umri wa miaka 15 hadi 49 na kumwomba ataje kila mtoto aliyemzaa akiwa hai, kuanzia wa kwanza: jina, mwezi, mwaka, yuko hai au hayuko. Kama hayuko, alikuwa na umri gani?

Ugumu uko kwenye jibu hilo. Mama atasema, "Alikuwa na mwaka mmoja." Lakini mwaka mmoja wa mama anayehesabu kwa misimu ya mavuno unaweza kuwa miezi kumi au kumi na tano, na wa miezi kumi anaingia kwenye hesabu hii huku wa kumi na tano akibaki nje. Ndiyo maana mtafiti hufundishwa kudodosa: alikuwa ameanza kutambaa? Alikuwa ameota meno? Alikufa kabla ya Krismasi au baada yake? Kuna pia mtoto aliyelia mara moja kisha akanyamaza. Familia nyingi husema huyo alizaliwa mfu na hawamtaji, ingawa kitakwimu alizaliwa hai na anapaswa kuhesabiwa. Na mama ambaye mwenyewe ameshafariki hana wa kumsemea watoto wake, jambo lililopunguza hesabu ya miaka mibaya ya UKIMWI.

Kwa hiyo namba zina kasoro zinazojulikana na kupimwa. Kasoro hiyo iko mbali na uongo, na mara nyingi huelekea kuficha vifo kuliko kuviongeza.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa lisemwe zaidi. Tafiti za zamani hazikuifikia nchi nzima. Ule wa 1988 na 1989 uliziacha wilaya tisa za kaskazini kwa sababu ya usalama. Ule wa 2000 na 2001 uliziacha Gulu, Kitgum, Kasese na Bundibugyo. Watoto wa maeneo yaliyokuwa na hali mbaya kabisa ndio waliokosekana kwenye wastani wa taifa. Na hata wilaya zote zinapohesabiwa, wastani huficha. Katika utafiti wa 2011, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 65 kwa 1000 Kampala na 153 Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi.

Hapo nimetaja watoto chini ya miaka mitano, ambayo ni hesabu nyingine. Redioni huchanganywa kila siku. Kwa mwaka 2022, kabla ya mwaka mmoja ni 36. Kabla ya miaka mitano ni 52. Na zote ni kwa watoto 1000, si kwa mia.

"Ni meno ndiyo yanayomuua"

Mtoto ana miezi minne. Anaharisha, ana homa, hataki kunyonya. Jirani anamfunua fizi, anaona uvimbe mweupe, anasema ni ebiino, yaani "meno ya uongo". Kaskazini na magharibi, mashariki na katikati, imani hii ipo, kila kabila na jina lake. Mtoto anapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji anayechimbua fizi kwa spoki ya baiskeli au kisu na kutoa vijino laini, na mama anaonyeshwa "mdudu" aliyekuwa akimla mwanawe.

Vile vyeupe ni meno ya utotoni ambayo hayajachomoza. Kila mtoto anayo, mgonjwa na mzima. Kilichomleta mama pale ni kuharisha au malaria au maambukizi mengine, na ugonjwa huo bado upo hata baada ya fizi kuchimbuliwa, sasa ukiwa umeongezewa kidonda, damu iliyomwagika na vijidudu vya spoki. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS), vidonge vya zinki na ziwa la mama bila kukatizwa. Vyote viko kituo cha afya, bei yake ni ndogo kuliko ya kuku anayedaiwa na mchimba fizi. Sitaki kumlaumu mama. Ameona mtoto wake anaisha, na kafuata wale anaowaamini. Wa kubebeshwa lawama ni wanaojua ukweli wakanyamaza.

"Tukiwaokoa wote, nchi itafurika"

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Uganda alizaa wastani wa watoto 7.4. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 5.2. Uzazi umepungua katika miaka ileile ambayo vifo vya watoto vilipungua. Wazazi wanaozika watoto huzaa wa akiba. Wanaowaona watoto wao wakikua huanza kupanga. Idadi yetu bado inakua haraka, hilo ni kweli, na chanzo chake ni uzazi, ambao una njia zake za kuupanga zisizohitaji jeneza la mtoto yeyote.

"Adui ni malaria, tukiishinda tumemaliza"

Malaria bado ni adui mkubwa. Vipimo vya darubini vilikuta vimelea kwa asilimia 42 ya watoto chini ya miaka mitano mwaka 2009, na asilimia 9 katika utafiti wa 2018 na 2019. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Apac Aprili 2025, dozi ya kwanza ikiwa miezi sita. Yote haya ni ya kushukuru.

Lakini tazama ndani ya namba. Mwaka 1995, katika vile vifo 81, vifo 27 vilitokea katika siku 28 za kwanza, na 54 baada ya hapo. Mwaka 2022, katika vifo 36, vifo 22 ni vya siku 28 za kwanza na 14 tu vya miezi iliyobaki. Vifo vya baada ya mwezi wa kwanza vimepungua hadi karibu robo. Vile vya mwezi wa kwanza vilikuwa 27 mwaka 1995, 27 mwaka 2011, 27 mwaka 2016. Zaidi ya miaka ishirini palepale! Kupungua hadi 22 ni jambo la juzi tu.

Watoto hao hawafi kwa malaria, ingawa malaria ya mama mjamzito huchangia wazaliwe na uzito mdogo. Wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa maambukizi ya damu. Chandarua na chanjo za utotoni haziwafikii kwa wakati.

Wengi waliamini kwamba kumfikisha mama kituoni kungetosha. Akina mama wakaitikia: waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 41 mwaka 2006, 57 mwaka 2011, na 73 mwaka 2016. Vifo vya mwezi wa kwanza havikusogea, kwa sababu kituo ni mkunga, vifaa na muda. Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga ana kama dakika moja. Anamkausha kwa kitambaa, anamsugua mgongo, na asipopumua anamwekea barakoa ndogo usoni na kuminya mfuko wa hewa. Kama mfuko huo umefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda semina, au mkunga yuko peke yake na mama mwingine anatokwa damu kitanda cha pili, dakika hiyo imepita.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakafungwa pamoja kwa lesu. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kufanya hivyo mara tu mtoto anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa robo. Inahitaji kitanda, chakula cha mama, na mtu wa kumpokezana.

Baada ya hapo ni siku za nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aangaliwe ndani ya saa 24, tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha wiki ya sita. Mama wengi hapa huruhusiwa kuondoka siku hiyohiyo, wakapanda bodaboda na mtoto kwenye shuka, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya wiki ya sita, ya chanjo.