Mtoto mwenye ulemavu akimaliza shule, anayeulizwa ni nani?

Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba ukikaribia, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili au usonji (autism) hutujia sisi walimu na swali moja: "Sasa huyu nimpeleke wapi?" Mtoto mwenyewe amekaa hapohapo, anasikia. Hakuna anayemgeukia.

Elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake, haiishii kwenye dawati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unazungumzia elimu katika ibara ya 24, na katika ibara ya 19 unatambua haki ya mtu kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Mtoto aliyeamuliwa kila kitu hadi miaka 18 ataijulia wapi haki hiyo?

Kuchagua kunafundishwa kwa vitu vidogo. Avae shati lipi. Anunue nini kwa mia tano yake, na akimalizia kwenye pipi, ajutie mwenyewe.

Hata mtoto asiyeongea huchagua. Picha husaidia, ila bora umpeleke: siku tatu gereji, tatu saluni, tatu kwenye banda la kuku la jirani. Tazama ni wapi anawahi kuamka, na wapi anajificha chooni. Sisi walimu tuna mazoea yetu: wasichana cherehani, wavulana mikeka, wote ushanga. Sina ugomvi na ushanga, ila na ule uliokwisha kupangwa kabla mtoto hajafika.

Kikao cha kupanga maisha yake ya baada ya shule kianze darasa la tano au hata la nne, maana kwa Sera ya Elimu toleo la 2023 elimu ya msingi inakuwa miaka 6 badala ya 7. Wawepo mzazi na mwalimu wa elimu maalumu, pamoja na watu aliowataka mtoto mwenyewe: shangazi, fundi wa mtaani, hata kondakta wa daladala aliyemzoea. Kama anaenda sekondari au chuo cha ufundi cha VETA, mtembezeni njia kabla hakujafunguliwa, ajue kituo cha kushukia na choo kilipo. Mwalimu mpya aelezwe kinachomtuliza. Yaliyomshinda atayaona mwenyewe.

Kazi nazo zipo kisheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo yao. Cheti cha kuzaliwa basi kitafutwe mapema, na akitimiza 18 aandikishwe NIDA apate kitambulisho cha taifa.

Mpango uandikwe kwenye karatasi moja, kwa michoro kama hasomi, na ufunguliwe kila mwaka. Mwaka jana alitaka udereva, mwaka huu anataka kuku: andikeni upya. Nakala abaki nayo yeye.