Kumtunza mzee si kazi ya binti yeyote

Hapa Dodoma, ukitafuta mtu wa kumtunza mzee nyumbani, utaambiwa: "Chukua binti yeyote kijijini, mradi ajue kukoroga uji." Imani hii ni ya siku nyingi, na si sahihi.

Mfikirie bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Inafaa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Akiachwa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi ya nyonga, visigino na juu ya makalio, na kidonda huanza hapo. Mhudumu aliyefunzwa hukipapasa kisigino kila anapomwogesha. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Utahisi joto au ugumu, au utaona pamekoza kuliko pengine. Wala hapasugui, ingawa wengi wetu, kwa mapenzi kabisa, tungepachua kwa mafuta.

Halafu kuna maji. Kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, na mzee hasikii kiu kama kijana. Mhudumu hasubiri kuombwa; humketisha wima asije akapaliwa, akamnywesha kidogo kidogo.

Binti wa kijijini anaweza kuyajua haya yote, akifundishwa. Uji ataukoroga vilevile.