Kupandikizwa konea: maswali yanayoulizwa sana, na kwa nini wodi ndo inaamua

Swali: Hivi konea ni nini, ndo mboni?
Hapana. Mboni ni ile nyeusi ya katikati. Konea iko mbele yake, ni kama kile kioo cha saa kinachofunika mishale, huioni kwa sababu inapitisha mwanga tu. Mwangalie mtu kwa pembeni karibu na dirisha, utaona mbele ya jicho pametuna kidogo na panang'aa kama tone la maji, basi hiyo ndo yenyewe. Katikati unene wake ni kama nusu milimita. Halafu haina mishipa ya damu, oksijeni yake nyingi inaipata kwenye hewa kupitia machozi. Hilo la kukosa damu lishike, tutalirudia.

Swali: Nani anahitaji kubadilishiwa?
Mwenye kovu lililobaki baada ya kidonda cha jicho au trakoma (vikope), aliyerukiwa na chokaa au tindikali, na vijana wenye keratokonasi, yaani konea inakuwa nyembamba inachongoka kama pia, miwani inabadilishwa kila mara na bado haoni vizuri. Wapo pia watu wazima ambao zile seli za nyuma ya konea zinazoyatoa maji nje ya konea zimeisha, konea inavimba, asubuhi unaamka kila kitu ukungu, mchana kunapungua kidogo. Ila mtoto wa jicho ni kitu kingine, huo ugonjwa uko kwenye lenzi ndani, watu wanachanganya sana hapa. Na kama mshipa wa fahamu wa jicho umeshakufa kwa presha ya jicho, hata upewe konea nzuri namna gani hutaona.

Swali: Kwa nini wasiweke jicho zima tu?
Kwa sababu ule mshipa unaounganisha jicho na ubongo ukishakatwa hauungiki, hakuna aliyewahi kurudishiwa kuona kwa njia hiyo. Konea inawezekana, tena si mambo ya juzi: tarehe 7 Desemba 1905 daktari Eduard Zirm, kule Olomouc ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki, alimpandikiza kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Vipande viwili vya konea vilitoka kwenye jicho la mtoto wa miaka 11 lililokuwa limeumia likabidi litolewe. Kimoja kilikataa, cha pili kikabaki safi, jamaa akarudi kazini. Baadaye kwenye miaka ya 1930 daktari Vladimir Filatov wa Odessa, Ukraine, akaonyesha kwamba konea za marehemu zinafaa, na 1944 benki ya macho ya kwanza, yaani mahali pa kupokea na kutunza konea za marehemu, ikafunguliwa New York.

Swali: Sasa hospitali inaingiaje? Si kazi ya daktari wa macho?
Hapa ndo penyewe. Watu wanadhani shida ni madaktari bingwa, lakini konea nyingi zinapotea kabla daktari wa macho hajasikia chochote, zinapotea wodini, kwa sababu hakuna aliyepiga simu. Utafiti uliotoka 2016 ulikadiria watu milioni 12.7 duniani wanasubiri, na kwa kila konea moja inayopatikana zinahitajika 70.

Mtu akifariki saa zinaanza kuhesabu. Moyo ukisimama figo na ini vinaharibika haraka kwa kukosa damu, ila konea (si nilikwambia haina damu?) inavumilia, kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya saa 12 hivi, sehemu nyingine wanakubali hadi 24. Kwa hiyo nesi wa zamu ndo mtu muhimu kuliko wote: anawaarifu benki ya macho, anayafunga macho ya marehemu vizuri, anaweka shashi yenye maji ya chumvi juu ya kope, anainua kichwa kidogo kwa mto ili uso usivimbe. Dakika tano tu. Jicho likiachwa wazi chini ya feni konea inakauka, na mambo yameisha.

Halafu kuna kuongea na familia. Hili si la kufanywa na mtu yeyote aliyepita tu koridoni, awe mtu aliyefundishwa, na asiwe yule daktari aliyekuwa anamtibu marehemu, watu wasije wakahisi vibaya. Familia ikisema hapana ni hapana, hakuna kubembeleza.

Swali: Marehemu atabaki na mashimo usoni?
Hapana jamani. Mara nyingi wanatoa konea tu na ukingo mdogo wa ile nyeupe. Hata pale wanapotoa jicho zima wanaweka la bandia na kope zinafungwa. Mazishi yanaendelea kama kawaida.

Swali: Nina kisukari, navaa miwani, umri umeenda. Bado nafaa kutoa konea nikifa?
Vyote hivyo kwa kawaida havikuzuii, na kundi la damu kwa kawaida si lazima lilingane. Damu ya marehemu inapimwa VVU na homa ya ini B na C, ikikutwa haitumiki. Kichaa cha mbwa na saratani ya damu pia hapana. Kitu kimoja: waambie ndugu zako mapema, maana siku ukifariki ndo wanaoulizwa wao.

Swali: Nikishapandikizwa naona siku hiyo hiyo?
Taratibu. Konea nzima inashonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyingine zinakaa mwaka na zaidi, na kuona kunatengemaa polepole miezi kwa miezi. Siku hizi wanaweza kubadilisha tabaka la nyuma tu, linashikizwa na povu la hewa ndani ya jicho, unalazwa chali unaangalia dari mpaka lishike, inachosha ila unapona haraka zaidi. Matone ya dawa usiyaache mwenyewe eti kwa sababu jicho limetulia, mwili unaweza kuikataa konea hata baada ya miaka. Jicho likiwa jekundu, likauma, mwanga ukikuchoma au ukungu ukirudi, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, ikiwahiwa mara nyingi inaokolewa kwa matone tu.